Mama Mkwe na Deni Sugu

Kazi za pembeni za sisi waandishi wa programu hapa Mombasa haziji kwa CV. Huletwa na kinyozi. Wangu alikuwa na shemeji mwenye duka la vipuri vya bodaboda Kongowea, aliyechoshwa na vijana wanaochukua tairi na cheni kwa mkopo kisha wakaanza kupita njia ya nyuma. Alitaka simu ya mdaiwa iibuke yenyewe: lipa kiasi fulani, weka PIN. Tukakubaliana nusu mkononi, nusu siku ya kukabidhi.

Kwa fundi, hiyo si kazi ya kukesha. Unaomba tokeni ya M-Pesa, yaani kibali cha muda cha kuzungumza na mfumo wao, nayo huishi sekunde 3,600, ikifa unaomba nyingine. Nenosiri la ombi ni namba ya paybill, ile ya biashara ya kupokelea malipo, ufunguo wa siri na tarehe pamoja na saa, vyote vikiunganishwa na kugeuzwa kuwa base64, mtindo wa kuandika data kwa herufi na tarakimu. Namba ya simu ianze na 254, bila alama ya kujumlisha wala sifuri; hapa ndipo wengi hukwama. Majibu hurudi kwenye anwani ya https inayofikika mtandaoni, kwa hiyo kodi seva. Kiasi ni namba kamili, kuanzia shilingi 1. Halafu kuna nafasi ya jina la akaunti, herufi 12 basi, nalo mlipaji huliona kwenye skrini. Mzee alitaka "DENI LA MWISHO". Nikamwambia haliingii. Akakuna kidevu, akasema weka "DENI SUGU". Likaingia na nafasi 3 zikabaki.

Pia alitaka ombi lijirudie kila dakika 2 mpaka mtu alipe. Nilimshauri liishie mara 3. "Kijana, wewe huwajui hawa." Mwenye pesa ndiye mwenye kauli, nikaandika anavyotaka.

Siku ya majaribio nilikuwa kwa mwajiri wangu, kikaoni, simu chini ya meza ikinipa kila jibu la mfumo. Mzee alibonyeza mwenyewe dukani, shilingi 1, kwa namba aliyoichagua kwa sababu "haikosi pesa". Ya mama mkwe wake, Kilifi. Kisha akaenda kula.

Jibu la kwanza: 1032, mteja amekataa. Baada ya dakika 2, 1032. Tena 1032, safari hii upesi mno, nikajua kidole kimeshapandwa na hasira. Kisha 1037: simu haipatikani. Amezima. Meneja akaendelea na bajeti, nami nikavuta pumzi. Ghafla 2001, PIN si sahihi! Yaani kule kuna mtu ameshaamua kulipa. Kumbe ni mjukuu, kamnyang'anya bibi simu ili nyumba ipate amani, na PIN anaibahatisha. Mwishowe 0. Imelipwa. Mfumo ukanyamaza.

Mama mkwe hakunyamaza. Alipanda matatu siku ileile hadi Kongowea. Hakuifuata ile shilingi. Mahari ya bintiye ilibakisha mbuzi wawili tangu harusi, na kwa staha yake hajawahi kuwataja; leo duka la mkwewe linamwita yeye deni sugu! Vijana wote wa bodaboda waliokuwa wakilikwepa duka walikuja kusikiliza, wengine wamezima pikipiki ili wasipitwe na neno.

"Mwanangu," akasema mbele ya kaunta, "hebu niambie, kati yangu na wewe nani anamdai mwenzake?"

Nilipokwenda kudai nusu yangu, mzee alinijibu kwamba imekwenda Kilifi kwa miguu minane.

Basi nimeingia kwenye mfumo, nikaandika namba yake mwenyewe, akaunti DENI SUGU. Najua hela ikilipwa itaingia paybill yake. Nia ni ujumbe ufike. Jibu limerudi: 1032. Dakika ya pili hiyo inakuja.