Mume wa Mfano na Pikipiki Yake

Jumamosi nilikuwa kwenye kicheni pati, sare zambarau, mchango elfu hamsini, na kungwi alikuwa wa moto. Ya jikoni alishamaliza, ya chumbani kamaliza, akafika kwenye uvumilivu. Hapo akamnyooshea kidole jirani yetu aliyekaa meza ya nyuma.

"Mwenzenu huyu alikuwa kwenye unga, mtaa mzima unajua. Wangapi wangemrudisha kwao? Mumewe kila asubuhi anampakia kwenye pikipiki, anampeleka kunywa dawa. Huyo ndiyo mume!"

Vigelegele. Wamama wawili wakainuka kumtunza. Jirani akapokea noti macho yakiwa mezani.

Mimi sikupiga kigelegele. Naandika haya kwa ruhusa yake, na mengi nimeyabadilisha, hata hiyo zambarau siyo rangi yenyewe.

Kete ya kwanza maishani alipewa na huyo huyo mume wa mfano, enzi wanachumbiana. Ilikuwa kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga wa heroini, yeye akidhani anavuta bangi tu. Ukikaa na wanawake waliopitia unga hapa Dar utaisikia hadithi hii mpaka uchoke: aliyemwonjesha ni bwana'ake. Kutoka kuvuta akaingia kwenye sindano, na kipigo kikaja humo humo katikati. Mume aliacha unga mapema. Kwa maombi, anasema.

Sasa twende kwenye hiyo pikipiki. Dawa yenyewe ni methadoni, ya kumtoa mtu kwenye unga, na siyo panadoli kwamba unapewa kipakti unaondoka. Kwa kawaida unakwenda kliniki kila siku, unainywa mbele ya nesi, kesho tena, miezi na miaka. Ukiikosa, kesho yake mifupa inauma, kamasi, jasho, tumbo: arosto ile ile uliyoikimbia. Ukikosa siku tatu mfululizo hawakurudishii dozi yako hivi hivi, wanaishusha kwanza, maana mwili umeshaanza kuisahau na ile kubwa inaweza kukuua. Kwa hiyo jiulize pikipiki ni ya nani, na nauli inakaa mfuko wa nani. Usiku wakigombana, asubuhi pikipiki haina mafuta. Hamgusi hata kwa kidole. Anakaa kibarazani na chai yake, anasubiri mwenzake aanze kutetemeka na kuomba msamaha, na kliniki hiyo inakaribia kufunga dirisha. Hakuna mchubuko, hakuna damu. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, utaijaza nini hapo?

Na majirani wanaona nini? Wanaona mume anayempeleka mkewe hospitali.

Ngumi nazo zipo, msidhani zimestaafu. Siku aliyopasuliwa mdomo nilimsindikiza polisi, dawati la jinsia. Askari hakuangalia mdomo, aliangalia mikono, kwenye makovu ya sindano. "Bado unatumia?" Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza. Nikarudi nyumbani kuisoma upya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, pale inaposema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, nikidhani labda chini wameandika "isipokuwa mateja". Hawajaandika.

Tukatafuta pa kumhifadhi. Simu ya kwanza, nyumba salama: aache kwanza kila kitu, na hiyo methadoni pia. Simu ya pili, soba, nyumba ya wanaoacha unga: tunapokea wanaume tu. Yaani ukitaka kukimbia kipigo uwe msafi, na ukitaka huo usafi uwe mwanamume.

Haya, nyumba salama zina watoto, na mtu mwenye arosto anaweza kuondoka na simu za nyumba nzima. Mimi mwenyewe niliwahi kuibiwa pasi ikiwa bado ya moto, mpaka leo najiuliza aliishikaje. Kwa hilo nawaelewa, shingo upande. Lakini aliyetulia kwenye dozi yake hana hiyo arosto, ndiyo kazi ya dawa yenyewe. Kumkatalia mtu mlango kwa sababu anakunywa methadoni ni kumkatalia kwa sababu anatibiwa. Au na mwenye kisukari tumwambie aache sindano ndipo tumfiche?

Kuna wanaosema suluhisho ni dozi ya kwenda nayo nyumbani. Kwa wengi ni ahueni kubwa. Kwa huyu, chupa ingelala mfuko wa nani?

Kliniki ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011 na ni haki yetu kujivunia, sehemu kubwa ya Afrika walikuwa hawajathubutu. Ila nenda kaangalie foleni asubuhi. Wanaume, wanaume, wanaume, halafu dada mmoja kajifunika khanga. Jirani yangu alipoanza dawa aliambiwa aje na ndugu wa karibu, na unajua alikuja na nani. Kila alipokosa dozi aliandikwa mtoro, akahubiriwa nidhamu, mume pembeni akitikisa kichwa kwa masikitiko. Miaka miwili. Sitaki kuwasema vibaya manesi, foleni yao nimeiona. Lakini kumwita mtu peke yake, mume abaki nje na pikipiki yake, ukamuuliza nauli anakupa nani na siku hukuja ilikuwaje, hilo halihitaji mfadhili wala semina ya siku tatu Morogoro. Ni dakika tano na mlango unaofungika.

Mwezi huu nesi mmoja, mgeni pale, ameuliza.

Jumamosi tukiwa tunatafuta viatu mlangoni, jirani alinishika mkono akaniwekea zile noti alizotunzwa kwa ajili ya mume wake. Elfu kumi na tatu. "Nishikie," akasema, akaenda kupanda pikipiki. Za nini, hapa siandiki. Mume wa mfano naye ana bando.