Ukumbi wa Kitaifa wa Nairobi: Ratiba Yake ni ya Nani?

Mjadala kuhusu Kenya National Theatre unapozuka, aghalabu wanaojadili hugawanyika katika makundi mawili, na kila kundi lina hoja zinazostahili kusikilizwa. Wapo wanaoliona jengo hilo la barabara ya Harry Thuku jijini Nairobi kuwa masalio ya ukoloni, jengo ambalo kwa muda mrefu halikuwafungulia Wakenya milango kwa moyo mweupe, na wanashikilia kwamba maigizo ya nchi hii yalistawi licha ya kuwapo kwake. Wapo pia wanaoamini kwamba taifa lisilo na jukwaa kuu la umma huwaacha wasanii wake wawe wapangaji wa kudumu katika nyumba za watu, na kwamba ukumbi huu hauna budi kulindwa hata kama historia yake inauma. Mimi naona kigezo kimoja kinasahauliwa na pande zote mbili, nacho ni ratiba: nani anapewa siku zipi, kwa bei gani, na nani anayeamua.

Anayetaka kuuelewa ukali wa kundi la kwanza aanze na tarehe. Kituo cha Utamaduni cha Kenya, ambacho ukumbi huu ni sehemu yake, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1951, na ukumbi wenyewe ukafunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba. Wakati ambapo maelfu ya Waafrika walikuwa wanakamatwa na kupelekwa kizuizini, hapa palikuwa panazinduliwa mahali ambapo, kwa maneno ya watawala, watu wa rangi zote wangekutana kwa ajili ya sanaa. Mahali penyewe nako kuna historia yake. Mkabala na ukumbi iko hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa mwaka 1904 na kuwa makutano ya walowezi, na karibu na hapo ndipo polisi walipoufyatulia risasi umati uliodai Harry Thuku, mwanaharakati aliyeupinga utawala wa kikoloni, aachiliwe mnamo Machi 1922, wakaua watu zaidi ya 20. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliwahi kuonyesha jinsi ukumbi huu ulivyozungukwa na hoteli hiyo, chuo kikuu, kituo kikuu cha polisi na jumba la utangazaji la serikali, akasema kwamba hakuna mchezo unaoigizwa hapo bila mazingira hayo kuwa sehemu ya maana yake. Nakubaliana naye.

Uhuru haukubadilisha mambo kwa kasi ambayo wengi walitarajia. Seth Adagala alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kukabidhiwa uongozi wa ukumbi, lakini kwa mujibu wa Ngũgĩ, baraza lililosimamia kituo lilibaki na wageni wengi, na British Council, shirika la utamaduni la Uingereza, liliendelea kuwa na uwakilishi humo miaka mingi baada ya 1963. Matokeo yake yalionekana wazi Oktoba 1976. Tamthilia mbili zilikuwa zimeandaliwa kuiwakilisha Kenya katika FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa watu weusi, mjini Lagos mwaka uliofuata: moja kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, iliyotungwa na Ngũgĩ pamoja na Micere Mugo, na nyingine ya Francis Imbuga. Watayarishaji walipoomba nafasi, walikuta siku nyingi za kipindi kile cha sherehe za kitaifa zimeshatengewa mchezo wa nyimbo kutoka Marekani na kikundi cha dansi kutoka Ufaransa. Baada ya mvutano uliofika hadi magazetini, kazi zile mbili za Wakenya zilipewa siku 8 kwa jumla, nne kwa kila moja. Ukumbi ulifurika. Ngũgĩ anasimulia kwamba usiku wa kwanza watazamaji walitoka nje wakiimba na kucheza pamoja na waigizaji, wakielekea upande wa hoteli, na polisi wakawazuia.

Ni vema kutua kidogo kwenye kisa hiki, kwa sababu aghalabu husimuliwa kama kisa cha udhibiti wa maandishi tu. Mwaka ule hakuna aliyeipiga marufuku tamthilia ile ya Kimathi; ilibanwa kwa kalenda. Afisa anayepiga marufuku mchezo hujulikana na hulaumiwa. Anayekwambia kwa upole kwamba tarehe zako zimeshachukuliwa hapati mtu wa kumlaumu yeye, na mchezo unakufa vilevile.

Miaka iliyofuata mkono wa dola ulijitokeza wazi. Wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walijenga jukwaa lao la wazi wakaigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ambayo Ngũgĩ alishiriki kuitunga, kwa Kigĩkũyũ mwaka 1977; kibali kikafutwa, na Ngũgĩ akatiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo. Februari 1982 kundi hilohilo lilipanga kuigiza mchezo mpya wa nyimbo katika Ukumbi wa Kitaifa, likakuta milango imefungwa. Mwezi uliofuata jukwaa la Kamĩrĩĩthũ likabomolewa kwa amri ya serikali.

Wanaoupinga ukumbi huutaja mkasa wa Kamĩrĩĩthũ kama ushahidi kwamba sanaa ya kweli haihitaji jengo la Nairobi. Nami nauona mkasa huohuo ukisema jambo jingine pia. Watu wale walikuwa na jukwaa lao, walilolijenga kwa mikono yao na kulijaza watazamaji, na bado mwaka 1982 walitaka kuja Nairobi, katika ukumbi wenye jina la taifa. Walijua kwamba kuna tofauti kati ya kusikika kijijini na kusikika mbele ya nchi nzima, na wenye mamlaka nao walilijua hilo, ndiyo maana mlango ukafungwa. Ukumbi usio na thamani haufungiwi mtu.

Kuna pia sababu za kawaida zaidi za kuutetea. Mchezo wa saa mbili unahitaji taa, sauti, chumba cha kubadilishia maleba, mafundi wanaolijua jukwaa, na mahali ambapo mtu aliyeshuka matatu mjini anaweza kufika kwa miguu. Vikundi vinavyoigiza vitabu teule kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari vimekuwa vikitumia kumbi kama huu mchana, na kwa vijana wengi huko ndiko wanakokutana kwa mara ya kwanza na tamthilia ya Kiswahili inayotembea na kupumua. Huduma hiyo haipewi uzito unaostahili katika mijadala yetu.

Mfano wa Tanzania unasaidia kidogo hapa. Serikali ya huko ilielekeza nguvu zake zaidi katika mafunzo, kupitia idara ya sanaa za maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981. Njia hiyo ilizaa wasanii wenye mizizi, lakini vikundi vya jijini vimeendelea kuhangaika kutafuta mahali pa kuigizia. Kufundisha wasanii na kuwapa ukumbi ni kazi mbili, na moja haiondoi haja ya nyingine.

Tangu ulipofunguliwa upya Septemba 2015, baada ya ukarabati uliofadhiliwa na kampuni ya East African Breweries, swali limehamia kwenye fedha. Upande mmoja unasema, kwa haki, kwamba paa, umeme na mishahara havilipwi kwa uzalendo, na kwamba ukumbi uliochakaa haumfai msanii yeyote. Upande wa pili unasema kwamba ada ya kukodi ikipanda, kijana wa mtaa wa Kayole mwenye mchezo mzuri na mfuko mtupu atafungiwa nje sawasawa na wale wa 1982, safari hii bila askari mlangoni. Mwezi Mei 2022 Ngaahika Ndeenda iliigizwa katika jengo lilelile, kwa Kiingereza na kwa Kigĩkũyũ, miaka 45 baada ya kufutiwa kibali. Lilikuwa jambo kubwa, na anayesema kwamba ukumbi haujabadilika analipuuza. Lakini mtunzi yule alikuwa ameshakuwa na jina duniani kote. Ukumbi wa umma upimwe zaidi kwa namna unavyompokea asiyejulikana.

Ndiyo maana naegemea upande wa kuulinda, kwa masharti. Ratiba ya mwaka mzima itangazwe hadharani, pamoja na ada na majina ya waliopewa siku. Sehemu ya wikendi, ambazo ndizo siku zenye watazamaji, itengwe kwa kazi mpya za Kiswahili na za lugha nyingine za Kenya, kwa ada ambayo kikundi kichanga kinaimudu, na pengo lijazwe na hazina ya serikali. Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na kuutambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, kwa hiyo kudai fungu hilo si kuomba hisani. Najua litakuja swali la kwa nini kaunti nyingine zilipie jukwaa la Nairobi. Ni swali la haki, na jibu lake ni kwamba sehemu ya siku hizo zilizotengwa ipewe vikundi vya kutoka Kisumu, Mombasa, Garissa na kwingineko, nauli na malazi yao yakiwa ndani ya bajeti hiyohiyo.