Jongoo wa Magombera na mzigo wa kuni

Mwaka 2024 spishi tano mpya za jongoo kutoka eneo la Milima ya Udzungwa zilitangazwa na wanasayansi, na mmojawapo, Lophostreptus magombera, akapewa jina la msitu wa Magombera ulioko Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Watafiti waliomwokota walikuwa wakichunguza jambo jingine kabisa, yaani namna misitu iliyowahi kukatwa inavyojirudi, au inavyoshindwa kujirudi mitambaazi inapoifunika miti. Kwa wengi habari hiyo ilikwisha hapo. Kwa anayeishi kando ya msitu inaacha swali lisilostahili kubezwa: je, ni haki mtu akatazwe kuni kwa ajili ya jongoo?

Anayeuliza hivyo ana hoja. Magombera ilipata hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2019, na miaka minane kabla yake uokotaji wa kuni ulikuwa umekwisha kupigwa marufuku katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyo jirani. Upande mwingine kuna miwa. Mama anayepika kwa mafiga matatu amezungukwa na ardhi asiyoweza kuigusa, na analotaka si kuangusha mti, ni kuokota tawi lililokwisha kufa. Tena kuonekana kwa mdudu mahali pamoja hakuthibitishi kwamba hayupo kwingine, kwa kuwa wanaowatafuta jongoo ni wachache mno. Hili la mwisho nalikubali bila kinyongo.

Ila ni hilo tawi lililokufa ndilo linalonifanya niandike. Tumezoea kuhesabu kuni kavu kuwa masalio, kitu ambacho msitu umekwisha kukitupa, na hata watunga kanuni mara nyingi huziruhusu wakidhani wametoa kibali kisichomdhuru yeyote. Kwa jongoo wa msituni, gogo linalooza na majani yaliyolala chini ndiyo nyumba na chakula kwa pamoja. Hapo hujificha jua linapokausha ardhi, kwa sababu mwili wake hupoteza maji upesi; hapo hutafuna kilichokufa na kukirudisha udongoni kikiwa kinyesi laini ambacho kuvu na bakteria hukimalizia, hata mizizi ya miti iliyo hai ikapata cha kunyonya. Msitu unaofagiliwa magogo yake unaweza kubaki na miti yote imesimama, ukapigwa picha kutoka angani ukaonekana mzima, huku sakafu yake ikiwa tupu.

Madhara hayo yangevumilika kama Magombera ingekuwa kubwa. Ina takriban kilomita za mraba 26 tu. Ndege huruka, na mbega hukimbia, lakini jongoo wa kivulini hana njia ya kuvuka shamba la miwa lililochomwa kabla ya kuvunwa. Akitoweka katika kipande kimoja cha msitu, hakuna jirani atakayekuja kukijaza upya. Kwa hiyo hata tukikubali kwamba huenda yupo pia katika msitu mwingine, jongoo wa huko hawezi kumwokoa wa huku, na hoja ya kwamba labda si adimu sana inapoteza nusu ya nguvu zake.

Kwa mtazamo wangu, basi, katazo la kuni kavu lina sababu nzito zaidi hapa Magombera kuliko katika msitu mpana ambako watu wachache huingia kwa siku maalumu. Lakini uzito huo haumpunguzii mama mwendo wake. Miti ya kuni inayokua haraka kwenye mipaka ya mashamba, pamoja na majiko yanayokula kuni chache, ilipaswa kuhesabiwa ndani ya gharama ya hifadhi kama mishahara ya walinzi inavyohesabiwa, na mche uliopandwa siku katazo linaanza huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa tawi la kuchemshia maharage.