Kebo Inayosubiri Haijakaa Bure

Mafundi wengi wanaounganisha kadi mbili za mtandao kwenye seva moja hupiga hesabu hii: gigabiti 1 na gigabiti 1, basi nina gigabiti 2. Waonyeshe mpangilio ambao kadi moja inafanya kazi na nyingine inasubiri, ule ambao watumiaji wa mfumo endeshi wa Linux huuita modi ya 1, watakunja uso. Kwao huko ni kununua kebo na kuiacha ikae tu. Wanachotaka ni modi ya 4, inayotumia itifaki ya LACP iliyosanifiwa na IEEE, taasisi ya wahandisi inayoweka viwango, mwaka 2000 kwa jina la 802.3ad, ambapo kadi zote hubeba mzigo kwa pamoja.

Hoja yao ina uzito. Seva ya mafaili yenye wateja mia moja ofisini hunufaika kweli, maana wateja wakiwa wengi mzigo hutawanyika vizuri. Tena LACP haitegemei taa ya poti peke yake: swichi, yaani kifaa ambacho kebo za seva huchomekwa, na seva hutumiana ujumbe kila sekunde 30, au kila sekunde 1 ukipenda, hivyo kebo inayowaka taa huku njia imeziba mbele hugundulika.

Lakini mgawanyo huo haugawi pakiti, yaani vipande vya data, kimoja kimoja. Mfumo hukokotoa anwani za pande mbili, na jibu ndilo linalochagua kebo. Mazungumzo yaleyale hupita kebo ileile mwanzo hadi mwisho, na ni kwa makusudi, kwa kuwa pakiti zikifika bila mpangilio TCP, itifaki inayohakikisha data imefika kamili, hudhani nyingine zimepotea na kuanza kuzituma upya. Nakili chelezo (nakala ya akiba) ya terabaiti 1 usiku, kutoka seva moja hadi hifadhi moja, kwa mkondo mmoja. Kebo ya gigabiti 1 hupitisha kama megabaiti 110 kwa sekunde, kwa hiyo kazi itachukua saa mbili na nusu. Ongeza kebo ya pili kwa modi ya 4: saa mbili na nusu. Isitoshe, Linux usipoigusa huangalia anwani za MAC tu, yaani namba za utambulisho za kadi za mtandao. Wateja wakiwa ng'ambo ya ruta, seva inaona MAC moja, ya ruta, na mzigo wote unaotoka hupita kebo moja huku jirani yake ikiwa tupu. Hilo hurekebishika kwa kuiamuru ihesabu anwani za IP na namba za poti za programu.

Kinachonikosesha usingizi ni jambo jingine. Chukua seva ya SACCOS yenye kebo mbili, kila moja imejaa kwa asilimia 70 saa nne asubuhi, mwisho wa mwezi. Grafu inapendeza. Kebo moja ikikatika, mzigo wa 140 unajipenyeza kwenye njia yenye nafasi ya 100. Ile 40 iliyozidi haipangi foleni kwa adabu. Pakiti za kila mteja zinadondoshwa, TCP inapunguza mwendo, keshia anatazama kioo kilichoganda. Na seva iko hai, kebo iliyobaki iko hai, mashine zote zikiulizwa zinajibu. Hali hii ni mbaya kuliko kukatika kabisa, kwa sababu fundi hajui aanzie wapi. Tena haikuja ghafla. Mwaka wa kwanza ilikuwa asilimia 30, wa pili 45, na hakuna aliyeona siku walipovuka 50, siku ambayo kebo ya pili iliacha kuwa akiba. Kwenye modi ya 1 usingefika huko kimyakimya: kebo moja ikijaa, malalamiko yanakufikia ukiwa bado na kebo nzima pembeni.

Modi ya 1 pia haidai chochote kwa swichi. Kebo moja swichi hii, nyingine swichi ile, hata zikiwa za bei ya chini. LACP juu ya swichi mbili inataka swichi zinazoweza kujionyesha kama moja, nazo ni ghali. Ndiyo maana wengi huishia kuchomeka kebo zote kwenye swichi moja, yenye waya mmoja wa umeme. Hapo njia mbili huanguka kwa pamoja. Tarehe 12 Mei 2024 tuliyaona hayo kwa ukubwa wake: EASSy na Seacom, kebo mbili za chini ya bahari, ziliharibika siku moja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikaumia vibaya.

Modi ya 1 ina dosari, na hapa wapinzani wake wana haki. Kebo inayosubiri yaweza kuwa mbovu miezi kadhaa, poti yake kwenye swichi imewekwa kwenye VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) isiyo yake, na ukajua siku ya shida. Linux ina njia ya kupima kwa ARP, ujumbe wa kuuliza anwani na kungoja jibu, badala ya kutazama taa. Mimi huongeza la mkono: kila mwezi nabadilisha zamu, iliyokuwa ikisubiri ibebe kazi.

Anayehitaji kweli zaidi ya gigabiti 1 anunue kadi mbili za gigabiti 10, moja isubiri. Bajeti ikimlazimisha kutumia modi ya 4, basi kengele ya ufuatiliaji asiifunge kwa kila kebo peke yake. Aifunge kwa jumla ya zote mbili, ilie kabla jumla haijafika gigabiti 1.