Ballia si uasi peke yake

Ikitajwa Ballia, wilaya iliyo mashariki kabisa ya jimbo la Uttar Pradesh nchini India, wengi hukimbilia habari za uasi. Si bure. Askari Mangal Pandey, aliyewageukia maofisa wake Waingereza kule Barrackpore tarehe 29 Machi 1857 na kunyongwa siku 10 baadaye, anahesabiwa kuwa mwana wa kijiji cha Nagwa. Agosti 1942 wananchi waliujia juu utawala wa kikoloni mpaka Chittu Pandey, kiongozi wa wapigania uhuru wa hapo, na wenzake wakatolewa jela, na kwa siku chache wilaya ikajitawala, kabla askari wa Waingereza hawajarudi na kuanza kulipiza kisasi.

Naiheshimu sana historia hiyo. Ila kwa maoni yangu, anayetaka kuwajua watu wa Ballia aanze na maji. Kusini upo mto Ganga, kaskazini Ghaghara, na wilaya imebanwa katikati hadi mito hiyo inapokutana. Mafuriko ya masika huacha tope lenye rutuba, ndiyo maana ngano, mpunga, dengu na miwa hustawi. Lakini maji hayohayo humega kingo. Mji wa zamani wa Ballia uliliwa na Ganga, watu wakajenga upya mbali na ukingo. Kwenye ardhi ya mabondeni, wanayoiita diara, shamba la mwaka huu mwakani laweza kuwa mkondo wa mto. Familia hubomoa nyumba yao wenyewe ili angalau ziokoe matofali.

Jayaprakash Narayan, aliyeongoza vuguvugu kubwa dhidi ya serikali ya Indira Gandhi miaka ya 1970, alizaliwa mwaka 1902 Sitab Diara, mahali ambapo kuhama kwa mito kumevuruga hata mpaka wa Bihar na Uttar Pradesh. Chandra Shekhar, waziri mkuu wa 1990 hadi 1991, naye ni wa Ballia.

Wilaya iliyotoa watu kama hao, yenye wakazi zaidi ya milioni 3.2 kwa sensa ya 2011, bado vijana wake wanaihama kwenda kutafuta vibarua Delhi, Mumbai na Surat. Kumjengea Mangal Pandey sanamu ni jambo jema. Lakini mkulima ambaye shamba lake limekwenda na mto hastahili kupewa mfuko wa nafaka na turubai kisha akasahauliwa hadi masika mengine. Apewe ardhi nyingine, yenye hati, kwa jina lake na la mkewe.