Jicho pekee halitoshi kumjua kwezi

Picha hiyo hurudi kila mwaka: kwezi, ndege mwenye mgongo wa buluu inayong'aa, yuko kwenye meza ya wageni Serengeti, manyoya yamefifia, jicho jeusi, kifuani hana ukanda. Chini yake pameandikwa "kwezi wa Hildebrandt". Siye! Ni kwezi maridadi mchanga, aina nyingine inayofanana naye, na inauma kuona hata waongozaji wazoefu wakipokea jina hilo bila kuuliza.

Tatizo ni kanuni inayokaririwa: jicho jeupe ni maridadi, jicho jekundu ni Hildebrandt. Kwa ndege aliyekomaa na aliye karibu, sawa, nakubali, inatosha. Lakini wachanga wa aina zote mbili wana macho ya kahawia iliyokolea, na kivulini hata jicho jekundu huonekana jeusi. Ukanda mweupe wa maridadi, unaotenga buluu ya kifua na rangi ya kutu ya tumbo, nao mchanga hana, au anao hafifu sana. Kwa hiyo alama zote mbili zinakosekana kwa ndege yuleyule.

Tazameni chini ya mkia. Kwezi maridadi, mkubwa kwa mdogo, ni mweupe hapo. Hildebrandt rangi ya kutu haikatiki kutoka tumboni mpaka mzizi wa mkia. Akiruka, chini ya bawa kunasema hayohayo: nyeupe kwa maridadi, kutu kwa Hildebrandt. Wote wawili hutafuta chakula ardhini, basi subirini ainame kudonoa, mkia utainuka. Mpiga picha ashushe kamera iwe usawa wa ndege. Ukipiga kutoka juu ya paa la gari utapata mgongo wa buluu tu, na migongo yao inafanana mno.

Msiseme "alikuwa na wenzake maridadi". Aina hizi mbili huchanganyika kundi moja.

Kiota husaidia: maridadi mara nyingi hujenga tufe la nyasi kwenye miiba, Hildebrandt hutaga ndani ya tundu la mti.

Hili si jambo dogo. Maridadi ameenea hadi Ethiopia na Somalia. Hildebrandt yuko kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania tu, duniani kote hana kwingine. Kila maridadi mchanga anayeandikwa kwa jina la Hildebrandt anampa wingi asio nao na maeneo asikoishi. Kama chini ya mkia hapakuonekana, andikeni "kwezi" na muishie hapo.