Nusu Kichwa kwa Ajili ya Jordan

Jamani, mtu mzima mwenye akili timamu, mwenye deni la ada na goti linalotabiri mvua kabla ya wataalamu, anaingiaje saluni kunyoa halafu anatoka amenyolewa upande mmoja? Nitaeleza. Ila msicheke kabla sijafika.

Kinyozi wangu ni kijana mzuri, mkono mwepesi, spiriti hamwagi hovyo. Ana ugonjwa mmoja tu: ukigusa jambo linalomchoma anazima mashine, anaishika kama kipaza sauti, anahutubia. Mimi nimeshamzoea. Akianza Simba na Yanga namwambia mimi ni Coastal Union, ananionea huruma na kuendelea kunyoa. Lakini Jumamosi ile msiba niliubeba mwenyewe kutoka nyumbani. Nilikwenda na mpwa wangu.

Huyu mpwa anakaa kwangu tangu amalize chuo, anatafuta kazi. Kazi aliyoipata mpaka sasa ni kuamka saa tisa na nusu usiku kuangalia fainali za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, maana kule Marekani ndiyo kwanza wametoka kula chakula cha jioni. Anasema anashangilia kwa kunong'ona. Kunong'ona gani kunakoamsha majogoo? Halafu asubuhi bando limekwisha, na bando ni la nani, msiniulize.

Basi kaingia saluni, kaona ukutani picha ya Michael Jordan, mfalme wa kikapu wa enzi zetu, imepauka mpaka jezi nyekundu ya timu yake ya Chicago imekuwa rangi ya juisi ya tikiti. Akasema polepole, kama mtu anayeagiza chai: "Huyu angekutana na LeBron James, nyota wa kizazi chetu, leo asingefua dafu."

Shuka nimeshafungwa shingoni. Mashine imeshapita upande wa kulia. Ningekuwa na hekima ningenyamaza.

"Kijana," nikamwambia, "wastani wa pointi 30.1 kwa mechi. Fainali 6, mataji 6. LeBron kaenda fainali mara 10, karudi na mataji 4. Hii ni hesabu ya darasa la pili. Bingwa ni bingwa."

"Kwa hiyo mjomba, kufungwa fainali ni aibu kuliko kutolewa mapema?"

Hapo nikajifanya unywele umeniingia mdomoni.

Nilipopata pumzi nikamweleza habari za timu ya Detroit. Wale watu walimtoa Jordan mwaka 1988, wakamtoa 1989, wakamtoa 1990, na hawakumtoa kwa ustaarabu. Mtu anaruka kwenda kwenye kikapu, anashushwa kama gunia la mkaa. Mwaka 1991 akawarudia, mechi nne bila. Enzi zile beki anakuwekea mkono kiunoni anakuongoza anakotaka, utadhani mko ukumbini mnacheza rumba. Mwaka 2004 wakakaza sheria, na leo ukimgusa mtu kwa ukucha filimbi inalia. Tena wanapumzishwa! Kijana wa miaka 25 anakaa benchi na suti kwa sababu jana alicheza. Jordan msimu wake wa mwisho Chicago alikuwa na miaka 35, alicheza mechi zote 82. Mimi nina goti hili, kuna siku bosi aliniambia leo pumzika, tunakutunza kwa ajili ya mchujo?

Mpwa akatoa simu. Siku hizi ukibishana na kijana hubishani naye, unabishana na simu yake.

"Mjomba, Stephen Curry msimu mmoja tu, 2015/16, alitia mitupo ya pointi tatu 402. Jordan maisha yake yote ya NBA ametia 581."

Kinyozi akazima mashine.

Nikaona nusu ya kichwa changu kwenye kioo. Nikasema moyoni, haya.

Lakini hakuwahi kufungua mdomo, maana kwenye benchi kulikuwa na mzee kajifunika gazeti, mimi nilidhani amelala. Akalishusha gazeti. "Nyie wote watoto," akasema. "Mchezaji ni mmoja, Wilt Chamberlain. Tarehe 2 Machi 1962. Pointi 100 kwenye mechi moja."

Saluni kimya. Hata nzi alitua.

"Video iko wapi, babu?" mpwa akauliza.

Hakuna video. Ndiyo shida ya rekodi ile. Mechi ilichezwa Hershey, mji mdogo huko Pennsylvania, televisheni haikuwepo. Kilichobaki ni picha ya jamaa ameshika karatasi iliyoandikwa 100 kwa mkono, kama mtu anayeuza pikipiki. Mpwa akasema ushahidi wa namna hiyo hata babu yake rafiki yake anao, aliyeua simba kwa mwiko. Mzee akakasirika. Akasema msimu ule Wilt alicheza wastani wa dakika 48.5 kwa mechi. Mechi ina dakika 48. Tukamtazama. "Nyongeza," akasema. "Muda wa nyongeza nao alicheza." Akaongeza kuwa Bill Russell, beki wa enzi hizo hizo, alichukua mataji 11 katika misimu 13, na mipira aliyoizuia haijulikani ni mingapi, kwa sababu NBA ilianza kuhesabu mitupo iliyozuiwa msimu wa 1973/74, na Russell alikuwa ameshastaafu tangu 1969. Mtu kafanya kazi miaka 13, karani hajaajiriwa. Hilo lilinigusa, nitawaambia kwa nini.

Na Kareem Abdul-Jabbar, je? Maisha yake yote pointi 38,387, rekodi ikakaa kileleni mpaka LeBron alipoipita Februari 2023. Mpwa akaitafuta kwenye simu: katika zote hizo, mtupo wa pointi tatu aliotia Kareem ni mmoja. Mmoja! Mzee akauliza, mstari wenyewe wa pointi tatu NBA imeuchora lini? Mwaka 1979, miaka 10 tangu Kareem aanze. Sasa unamlaumu mtu hakupanda daladala kabla daladala haijaletwa?

Ndipo kinyozi akanyanyua mashine mbele ya mdomo.

"Wazee wangu," alianza, na alipoanza hivyo nilijua kichwa changu kimeshasahauliwa. "Mwaka 2009 NBA ilichagua vijana wapya. Namba mbili alikuwa nani?"

Wote tukajibu pamoja kama darasani: "Hasheem Thabeet!" Mtoto wa Dar hapa hapa, sentimeta 221, Mtanzania wa kwanza kucheza kule. Siku ile nilitembea Kariakoo nimeinua kidevu utadhani nimemzaa mimi.

"Namba tatu?"

"James Harden," mpwa akasema.

"Na Curry?"

"Wa saba."

"Haya. Waliochagua ni wataalamu. Wana mishahara, wana video, wana kanda za kupimia, vijana wenyewe wamewasimamisha mbele yao. Na Curry wakamuona mwembamba. Hao ni vijana wa mwaka mmoja! Nyie mmekaa benchi la saluni mnalinganisha mtu wa 1962 na mtu wa leo?" Akanigeukia. "Na wewe mzee, samahani, Jordan umemuona mechi ngapi? Nzima, siyo vipande."

Hapa niseme ukweli, maana tuko wenyewe. Tanzania Bara televisheni imeingia 1994. Na mwaka 1994 Jordan alikuwa ameacha kikapu, yuko Alabama anahangaika na besiboli. Sisi tunawasha, yeye katoka! Karudi Machi 1995, na mechi zao zikianza huku watu tuko usingizini, na nyumba yenye televisheni mtaani ilikuwa moja na mwenyewe alikuwa mkali. Jordan wangu mimi ni kanda moja ya video iliyoazimwa mpaka ikakatika katikati, na fulana ya mtumba namba 23 niliyoinunua Karume, imenifika magotini.

"Nyingi," nikasema.

"Ngapi?"

Mungu si Athumani, umeme ukakatika.

Tukasubiri saa nzima. Mashine ya chaji ilikuwa imekwisha chaji kwa kunyolea wateja wa asubuhi. Nikavaa kofia ya mpwa, nikarudi nyumbani upande mmoja kipara, upande mmoja msitu.

Nimefika, Mama Watoto yuko kibarazani anachambua mchele. Akaniangalia, hakuuliza. Mke akinyamaza hivyo, jua hotuba inapikwa. Akaanza kwa mbali: bati la jikoni linavuja. Kisha akafika: "Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kajenga nyumba ya vyumba sita. Katulea tisa. Bati halikuvuja."

Huyu mkwe, Mungu amrehemu, nashindanishwa naye miaka ishirini na mbili sasa.

"Mke wangu," nikasema, "enzi zile si enzi hizi. Kiwanja alipewa na kijiji, mimi nauziwa kwa hatua. Tofali kafyatua na wanafunzi. Alikuwa analipia bando? Alikuwa na king'amuzi? Na ada alilipa shilingi ngapi? Sheria zimebadilika! Huwezi kumchukua mtu wa mwaka 1975 ukamlinganisha na mimi. Halafu mimi koki nimetengeneza, taa nimebadilisha, mlango wa choo nimeurudishia bawaba, nani aliandika? Hakuna anayehesabu!"

Nilisema kwa uchungu, mkono hewani, nikasahau kofia, ikadondoka kwenye ungo wa mchele.

Mama Watoto akaiokota, akaikung'uta chenga, akanitazama kichwani, kulia, kushoto. Nyuma yake dirishani nikaiona simu inang'aa, na uso wa mpwa wangu, aliyetangulia nyumbani kwa bodaboda, hela yangu.

"Baba Watoto," akasema taratibu, "bingwa ni bingwa."

Usiku saa mbili umeme umerudi, nimerudi saluni peke yangu. Yule mzee bado yupo, gazeti lile lile. Kinyozi kanifunga shuka, kawasha mashine, kaanza upande wa kushoto vizuri kabisa, mpaka kwenye sikio. Kisha mkono ukasita.

"Mzee, hivi Magic Johnson..."

"Nyoa!"